Nusu Saa Iliyorukwa Arusha: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Kukodi

Kisa hiki kilitokea mwezi Agosti, wakati wa likizo ya shule nchini Kenya, katika barabara ya Arusha kwenda Moshi, mbele kidogo ya Kikatiti. Nakifahamu kwa sababu asubuhi yake nilipigiwa simu nipeleke gari jingine, nikakaa na familia iliyohusika karibu siku nzima katika kituo cha polisi, na baadaye nikaoneshwa karatasi zote, ambazo kwa kweli zilikuwa chache mno. Kazi yangu ni kukodisha magari hapa Arusha, na kabla ya hapo niliendesha watalii kwa miaka mingi. Sitamtaja mtu wala mwenye gari, kwa kuwa ninachotaka kieleweke ni jinsi ajali hii ilivyojengeka kabla gari halijatoka mjini.

Wageni walikuwa watano: baba wa familia, mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi Nairobi, mkewe, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mkwe wake. Waliamka saa kumi alfajiri, wakapanda basi dogo la Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga, na kwenye kituo cha pamoja cha mpakani wakakuta foleni ya wasafiri wa likizo. Walitarajia kufika Arusha mapema mchana, lakini walishuka saa kumi na moja jioni. Vyumba walikuwa wamevilipia Moshi, na mpango wao ulikuwa mzuri: maporomoko ya Materuni, chemchemi za Chemka, kisha kurudi Arusha na kuelekea Karatu na Ngorongoro.

Gari, RAV4 iliyotumika kutoka Japani, walilipata kwa simu kupitia dalali, kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya yadi nyingi za hapa. Dalali alilileta stendi. Mgeni alilipa siku tano taslimu, akaweka na dhamana ya shilingi 500,000, na dalali akaandika kiasi hicho kwenye ukurasa wa daftari la shule, wakasaini wote wawili. Mgeni aliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa kama tangi limejaa. La pili lilikuwa kuhusu bima, na jibu alilopewa bado analikumbuka neno kwa neno: "Kaka, ondoa shaka, hili lina bima kubwa," yaani ile inayolipia hata uharibifu wa gari lenyewe. Makabidhiano yote yalichukua chini ya dakika kumi. Nilipomuuliza kama alilizunguka gari, alisema alilitazama, likawa linang'aa.

Simlaumu. Mtu aliyekaa garini tangu alfajiri, mtoto mmoja amelala begani, mama mkwe amesimama kando ya mabegi, jua linashuka, hawezi kuinama chini ya gari na kuanza kuchunguza. Wajibu wa kupunguza kasi ya jambo hilo ulikuwa wa anayekabidhi gari, kwa sababu yeye ndiye asiyechoka na ndiye anayelijua gari lake.

Hapa pana jambo ambalo nimeliona mara nyingi na ambalo huwa halizungumzwi. Mgeni wa kutoka Ulaya bara au Marekani, ambako watu huendesha upande wa kulia, hufika kwetu akiwa na hofu, na hofu hiyo humfanya aulize kila kitu: usukani, matuta, trafiki, usiku. Mgeni wa kutoka Kenya hana hofu hiyo. Anaendesha kushoto kama sisi, lugha ni yake, chakula anakijua, na Mlima Kilimanjaro anauona hata akiwa Amboseli. Anajihisi yuko kwa jirani, na kwa jirani watu hawaulizi sana. Hata hivyo amevuka mpaka. Kwao gari binafsi huruhusiwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu isiyotenganishwa, na kwa mazoea hayo ni rahisi kupita kibao cha 50 cha Usa River bila kukiona, hasa kwa kuwa kati ya Sakina na Tengeru barabara yetu ina njia nne, kisha ghafla inarudi kuwa mbili huku mwendo wa dereva ukiwa bado ni ule wa njia nne. Huyu bwana alisimamishwa hapo Usa River kwa kosa hilohilo. Askari alikubali leseni yake ya Kenya, akamwandikia faini ya shilingi 30,000 na kumpa namba ya malipo, na kwa kuwa hakuwa na laini ya simu ya Tanzania, ilibidi ampigie dalali kwa simu ya kuazima ili alipiwe. Dakika ishirini na tano nyingine zikaenda, na sasa ilikuwa giza kamili.

Agosti jua huzama hapa muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jioni haikawii: nusu saa baadaye ni usiku. Barabara ya Moshi wakati huo ina watu wanaotembea pembezoni wakitoka kazini, ng'ombe wanaorudishwa nyumbani, baiskeli zisizo na taa, na bodaboda nyingi, baadhi zikiwa na taa mbovu. Mimi mwenyewe huwashauri wageni walale Arusha hata kama wamelipia chumba Moshi. Kilomita themanini zinaonekana kidogo kwenye simu, lakini si kidogo kwa dereva aliyeamka saa kumi alfajiri, katika gari alilolijua kwa saa moja tu.

Walipopita Kikatiti, tairi la nyuma kushoto lilipasuka.

Nataka kusema wazi kwamba kwa sekunde zile mgeni huyu aliendesha vizuri kuliko madereva wengi wenye vyeti. Hakukanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaacha gari lipungue lenyewe, kisha akalivuta kushoto. Tatizo ni kwamba mahali pale lami imeachana na udongo kwa kimo cha karibu kiganja cha mkono, akaogopa kulishusha gari lote gizani, hivyo magurudumu ya kulia yakabaki juu ya lami. Akawasha taa za dharura, akafungua buti.

Pembetatu za tahadhari hazikuwamo. Jeki ilikuwamo, na spana ya magurudumu ilikuwamo, na tairi la akiba lilikuwa na upepo. Akalegeza nati nne. Ya tano ilikataa, kwa sababu haikuwa nati ya kawaida: ilikuwa ya duara, imechongwa mifereji midogo ndani, ya aina ambayo wenye magari hufunga ili matairi yasiibwe, na hufunguliwa kwa kifaa chake peke yake, kidogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Alimpigia dalali, dalali akampigia mwenye gari, na jibu likaja kwamba kifaa kiko nyumbani, kwenye droo, Arusha.

Kijana mmoja wa pale akawasaidia kukata matawi na kuyatandaza nyuma ya gari, kama ilivyo desturi yetu. Matawi ni ishara ambayo dereva wa hapa huielewa akiyaona, lakini jani bichi halirudishi mwanga, na usiku huonekana pale tu gari limeshafika karibu mno. Ilikuwa baridi, kwa hiyo familia ilikaa ndani ya gari kusubiri. Ni mama mkwe aliyekataa. Alimwambia mkwewe, "Mwanangu, mimi sikai na watoto humu, tutakaa kule kwenye majani," akawafunga khanga na shuka, akawapeleka hatua kama kumi kutoka barabarani. Binti yake akawafuata. Robo saa hivi baadaye bodaboda iliyokuwa ikielekea Moshi ikagonga nyuma ya gari. Kioo cha nyuma kilimwagika chote juu ya kiti ambacho watoto walikuwa wamekalia. Mwendesha bodaboda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alivunjika mguu chini ya goti.

Kilichofuata kilifanywa kwa utaratibu, na nakitaja kwa kuwa wageni wengi huogopa hatua hizi pasipo sababu. Mgeni alipiga 112. Gari halikuhamishwa hadi askari walipofika na kupima, kwa maana palikuwa na majeruhi. Majeruhi alipelekwa hospitali kwanza, na fomu ya polisi namba tatu, PF3, ikafuata. Mgeni alitoa maelezo, gari likavutwa hadi kituoni, na kesho yake mkaguzi wa magari akalikagua. Hakuna aliyemtukana wala aliyemweka ndani. Wanakijiji waliokusanyika walikuwa na hasira kwa dakika chache, kisha mama mkwe akaenda kukaa chini kando ya yule kijana, akamshikia kichwa hadi usafiri ulipofika, na hasira ikaisha.

Asubuhi, kabla mkaguzi hajaja, nililizunguka gari lile pamoja na mgeni. Nilimwonesha ubavu wa tairi la mbele kushoto, ambalo lilikuwa la umri mmoja na lililopasuka. Kwenye ubavu wa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna namba za utengenezaji, na nne za mwisho hueleza wiki na mwaka. Hilo liliandikwa 1513: wiki ya kumi na tano ya mwaka 2013. Alilipapasa kwa kidole akaona nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka. Kilichomshangaza ni kwamba meno yake yalikuwa bado marefu. Hilo ndilo linalodanganya watu. Tumezoea kuogopa tairi kipara, lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Huwa mgumu, hupasuka kwa ndani, na ukiongeza mzigo wa watu watano na mabegi yao, upepo pungufu na lami yenye joto la mchana kutwa, ubavu hujikunja na kupata moto hadi unaachia. Lililokuwa limepasuka lilikuwa na upepo kiasi gani kabla ya kupasuka, hakuna awezaye kusema, kwa sababu hakuna aliyeupima Arusha. Kipimo cha upepo ni kitu cha dakika mbili katika kituo chochote cha mafuta.

Watu wa hapa waliosimuliwa kisa hiki wengi wao walisema mara moja kwamba Wakenya wanakimbia sana. Wengine wakasema bodaboda ndivyo walivyo. Maelezo yote mawili ni mepesi. Kwa makadirio ya mgeni alikuwa kwenye kilomita themanini kwa saa, nje ya makazi, mwendo ambao tairi zima hulibeba gari bila taabu yoyote. Na yule kijana wa bodaboda kweli taa yake ilikuwa dhaifu, na hilo askari aliliandika, lakini alikuta gari limesimama nusu juu ya lami bila kitu kinachong'aa nyuma yake zaidi ya taa zinazowaka na kuzima, ambazo usiku ni vigumu kutambua kama zimesimama au zinatembea. Ukitaka kujua ni wapi jambo hili lingeweza kukatwa, rudi stendi ya Arusha saa kumi na moja na nusu jioni. Tairi la mwaka 2013 lilikuwa palepale. Pembetatu hazikuwapo tangu hapo. Kifaa cha nati kilikuwa kwenye droo tangu hapo. Vyote vitatu vilikuwa vya kuonekana kwa macho, na nusu saa ingetosha kuviona.

Kuna la nne, nalo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo.

Gari lilikuwa na bima kubwa kweli. Dalali hakusema uongo, na ukiingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unaona kwamba bima iko hai. Lakini kwenye hati yenyewe, katika sehemu ya matumizi ya gari, liliandikwa neno moja: binafsi. Bima hiyo iliuzwa kwa mtu anayekwenda kazini na kanisani na gari lake, na bei yake ilihesabiwa hivyo. Mara tu gari linapokabidhiwa kwa mgeni kwa malipo, limekuwa gari la biashara, na kampuni ya bima ina haki ya kusema hatari hii sikuiuza. Ndivyo ilivyosema. Ukurasa wa daftari uliosainiwa stendi, ambao mgeni aliutoa kwa nia njema ili kuthibitisha kwamba hakuliiba gari, ndio uliothibitisha kwamba lilikodishwa. Madai ya uharibifu wa gari yakakataliwa. Mwenye gari akamgeukia mgeni, akazuia dhamana yote, akataka na nyongeza.

Ishara ilikuwepo hata kwa asiyejua kusoma hati za bima. Kwa desturi ya Tanzania magari ya biashara, kuanzia daladala hadi teksi, hubeba kibao cha namba cheupe, na magari binafsi hubeba kibao cha njano. RAV4 ile ilikuwa na kibao cha njano. Mgeni hawezi kujua hilo, kwa maana kila nchi ina rangi zake, lakini sisi tunaoishi hapa tunajua, na kila dalali anajua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki chote. Gari la kibao cha njano linalokodishwa ni la bei nafuu kwa sababu halijalipa bima ya kazi linayofanya, na tofauti ya bei anayofurahia mgeni ni hatari aliyoibeba yeye mwenyewe bila kuambiwa.

Nilimweleza mgeni kwamba swali lake la pili lilikuwa sahihi, ila liliishia katikati. Kuuliza kama gari lina bima hakutoshi. Huulizwa: bima hii inaruhusu gari kukodishwa? Inaniruhusu mimi, mwenye leseni ya nje, kuendesha? Likiharibika, kiasi gani cha kwanza natoa mfukoni mwangu kabla bima haijaanza kulipa? Na majibu husomwa kwenye karatasi, si kusikiwa. Angetaka kuvuka nalo kurudi Kenya kupitia Holili, angeongeza swali la kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvukia mipaka, kwa kuwa bima ya ndani huishia mpakani. Mwenye gari makini naye huuliza la kwake: mnakwenda wapi? Njia ya vumbi ya Chemka kutoka Boma Ng'ombe na mteremko wa kreta ya Ngorongoro, ambako haliruhusiwi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, ni safari mbili zisizofanana, na yule dalali hakuuliza waendako.

Kuhusu fidia, walikaa pamoja mara mbili: ndugu wa mwendesha bodaboda, mwenye gari, dalali, na mgeni, pamoja na mzee mmoja wa Kikatiti aliyeombwa kusikiliza. Mgeni alikubali kuchangia matibabu ya kijana, ingawa polisi hawakumwandikia kosa la kusababisha ajali, na mwenye gari naye akakubali kuchangia baada ya mzee kumuuliza, kwa upole kabisa, kifaa cha nati kilikuwa wapi usiku ule. Dhamana ilirudishwa nusu. Ubishi wa matengenezo ya gari ulikuwa haujaisha familia ilipoondoka nchini.

Hawakukatisha safari. Siku mbili baada ya ajali waliondoka yadini kwetu na gari la kibao cheupe, saa mbili asubuhi, baada ya kulala na kunywa chai. Makabidhiano yalichukua dakika thelathini na tano. Mgeni alizunguka gari akipiga video kwa simu, akisema kwa sauti kila mchubuko alioukuta. Alisoma hati ya bima hadi kwenye neno la matumizi, akauliza maana ya mstari mmoja ambao hata mimi nilibidi niusome mara mbili. Akafungua buti, akahesabu pembetatu, akaangalia mshale wa mtungi wa kuzimia moto. Mwanawe mkubwa alipiga magoti kwenye kila gurudumu na kumsomea baba yake zile namba nne, moja baada ya nyingine, na mama mkwe, ambaye tayari alikuwa ameketi nyuma na khanga yake magotini, aliniita dirishani akaniuliza: "Na hizi nati, baba, zote zinafunguka kwa spana hii moja?" Nikaleta spana, nikazilegeza zote tano za gurudumu moja mbele yake, nikazikaza tena.